Damu Bila Daftari

Alikuja siku ya mvua, viatu mkononi, suruali kaikunja hadi magotini. Mlinzi akanipigia kutoka getini: "Kuna mzee hapa anasema ana mali yake humo ndani."

Nikatoka. "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwangaluka."

Akakaa kwenye benchi la wagonjwa, akaweka dumu lake la asali chini, akaanza kufungua kitambaa. Ndani ya kitambaa mlikuwa na nailoni, ndani ya nailoni kikadi kigumu kilichokwisha kuwa cha kahawia pembeni. Juu yake namba ya kalamu ya bluu, tarehe, na sahihi ya mtu ninayemfahamu.

Mzee huyu ni mrina asali. Kambi yake iko ndani sana upande wa Kaliua, kule ambako mtu anakaa porini wiki mbili tatu akihudumia mizinga ya magome, na ndorobo wakimhudumia yeye. Miaka ile alipata malale, ugonjwa wa usingizi unaoletwa na kuumwa na ndorobo. Akatibiwa, akapona. Baadaye wakaja watafiti wakamwomba damu, wakamweleza kwamba itahifadhiwa, itasaidia kutafuta vipimo na dawa. Akakubali, akaweka dole gumba, akapewa kikadi.

"Nimeleta asali sokoni, nikasema nipite niulize. Ile damu yangu bado ipo? Na imemsaidia nani?"

Maswali mawili tu. Mimi ndiye ninayelipwa kutunza data za maabara ile (jina lake naliacha), na sikuwa na jibu hata la moja. Nikamwomba namba ya simu, nikamwambia nitamtafuta. Alinitazama kama mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo mara nyingi. Akaniachia namba, akaniachia na kikombe cha asali, akaondoka na viatu vyake mkononi.

Sahihi kwenye kikadi ilikuwa ya Babu.

Nadhani kila maabara ya zamani ina babu yake. Wetu alianza kazi wakati hadubini inatumia kioo na mwanga wa jua, na hadi anastaafu alijua kila kilichomo ndani ya mafriza. Ukimwuliza habari za seramu (maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake) za malale za mwaka fulani, anafumba macho kidogo, halafu anasema: friza la pili, rafu ya tatu, boksi lenye kifuniko cha kijani, anzia kushoto. Unakwenda, unazikuta. Alipostaafu tulimfanyia sherehe, pilau na soda, tukampa godoro na saa ya ukutani. Hotuba zilikuwa nne. Hakuna aliyekumbuka kumwomba atuandikie kilichomo kichwani mwake. Miaka miwili baadaye akapata kiharusi. Tulipokwenda kumwona alitutambua wote, akacheka, akatushika mikono mmoja mmoja. Rafu ya tatu hakuikumbuka.

Wenye maduka husema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo. Babu aliacha kaunta buku nne, mwandiko mzuri kuliko wangu, mistari imenyooka. Tatizo ni kwamba aliyaandika kwa ajili ya Babu. Safu ya "aina" imejaa vifupisho vyake: "Sr", "Sr2", "Uti", hivyo tulivikisia. Lakini kulikuwa na kurasa nzima zenye "ZMV" na hatukujua ni nini mpaka mama mmoja wa usafi, aliyefanya naye kazi miaka mingi, alipotuambia: "Si zile za mvua? Mwaka ule barabara ilikatika, wakakaa huko wiki mbili." Zile Za Mvua. Huo ndio ulikuwa mfumo wetu wa utambulisho.

Nikafungua friza. Boksi la vichupa vya kugandishia lina mashimo 81, tisa kwa tisa. Ukilitoa, una dakika chache kabla barafu haijaanza kutoa jasho, kwa hiyo unasoma haraka, mwenzako anaandika, vidole vinauma hata ndani ya glavu. Katika boksi la kwanza vichupa vinane havikuwa na maandishi kabisa. Mtu aliwahi kuvifuta kwa spiriti, nia yake njema, anasafisha. Wino ukaondoka na vumbi. Seramu imo ndani, ya njano safi, imeganda vizuri, nyuzi 80 chini ya sifuri mwaka hadi mwaka, umeme unalipiwa, jenereta inawekewa dizeli. Ya nani? Ya ugonjwa gani? Tunaitunza kama mtu anayelipa kodi ya chumba asichokuwa na ufunguo wake.

Ndiyo sababu tukaanza kutengeneza katalogi. Neno hili linawatisha watu bure. Mfikirie dalali wa nyumba wa Isevya au Kanyenye, mitaa yetu ya Tabora. Dalali hana nyumba, na funguo hana. Anachojua ni kwamba mahali fulani kuna chumba, kina umeme au hakina, mwenye nyumba anataka mpangaji wa namna gani, na namba yake ya simu ni hii. Katalogi ya sampuli ni dalali asiyedai kodi ya mwezi mmoja. Inasema: zipo seramu za watu waliougua malale, zilikusanywa mkoa wa Tabora kati ya mwaka huu na ule, ziko kadiri hii, zimehifadhiwa kwa baridi ya kiasi hiki, ruhusa ya waliozitoa inaishia hapa, mwulize fulani. Damu inabaki kwenye friza. Majina yanabaki kwenye kabati lenye kufuli. Kinachotoka nje ni habari kwamba kitu kipo.

Ulaya walipambana na jambo hili hili kwa ukubwa wao. Kila hospitali kubwa ilikuwa na mafriza yake, na bila shaka kila friza na babu yake. Mwaka 2013 wakasajili taasisi ya pamoja inayoitwa BBMRI-ERIC, makao makuu Graz nchini Austria, na moja ya kazi zake ni kuwa na orodha moja ya benki za sampuli za nchi wanachama. Kabla ya orodha walilazimika kukubaliana maneno, na makubaliano hayo yanaitwa MIABIS: mambo machache ya lazima ambayo kila benki inayasema kwa namna ile ile. Kisha wakajenga chombo ambamo mtafiti anaandika ombi moja, likawafikia wenye mafriza wengi kwa mpigo, na kila mmoja akajibu mwenyewe kama anatoa au hatoi. Mimi hicho ndicho nilichokipenda. Mwenye nyumba hapokonywi ufunguo.

Halafu mwaka 2016 zikachapishwa kanuni nne ambazo kila mwombaji wa fedha za utafiti sasa anaziimba: data ionekane inapotafutwa, ifikike, isomane na nyingine, itumike tena. Kwenye semina watu hurukia ya nne, kwa kuwa ndiyo yenye picha nzuri za kuonyesha. Ya kwanza hupewa slaidi moja. Waje wafungue boksi lenye vichupa vinane visivyo na jina.

Afrika nayo haikukaa bure. Mpango wa H3Africa, uliotangazwa 2010 kwa fedha za NIH, taasisi za taifa za utafiti wa afya za Marekani, na Wellcome, mfuko wa hisani wa Uingereza, uliacha hazina za sampuli Uganda, Nigeria na Afrika Kusini, na katalogi ya kuzitafutia, hadi fedha zake zilipofika mwisho 2022. Ndani yake kulikuwa na mradi wa malale, TrypanoGEN, uliokusanya sampuli za nchi saba: Uganda, Zambia, Malawi, Kongo, Kamerun, Guinea na Kodivaa. Niliisoma orodha ile mara mbili nikitafuta Tanzania. Haimo. Malale ya Malawi na Zambia ni ya ndugu zetu kabisa, kimelea kile kile cha rhodesiense, na sisi tumekaa na mafriza yetu katikati ya nchi ya ndorobo, kimya.

Kimya hicho kina bei. Mwaka 2017 kundi la watafiti lililotumia sampuli za Uganda na Guinea lilichapisha matokeo kuhusu jeni iitwayo APOL1. Umbo lake moja, G2, lilionekana kuwakinga watu wa Uganda na malale ya rhodesiense. Kule Guinea, kwa malale ya gambiense (aina ya Afrika Magharibi na Kati), G2 hiyo hiyo iliendana na kuugua zaidi. Na maumbo hayo ya APOL1, mtu akirithi kwa baba na kwa mama, huongeza hatari ya ugonjwa wa figo. Yaani ngao ya mrina asali inaweza kuwa deni la figo za mjukuu wake. Swali kama hilo halijibiwi na vichupa kumi. Linataka sampuli nyingi, za nchi tofauti, zilizoandikwa kwa lugha moja, na mtu anayezitafuta awe na mahali pa kutazama.

Sasa niseme kilichotutesa, maana si kompyuta.

Kilichotutesa ni saa.

Damu inapotolewa inaanza kubadilika. Kila saa inayokaa kabla ya kuzungushwa kwenye mashine na kutenganishwa, baadhi ya vilivyomo vinaoza au kuvunjika. Kwa hiyo benki za sampuli zina msimbo wa kimataifa, unaitwa SPREC, wenye nafasi saba kwa sampuli za majimaji, na nafasi ya tatu inasema damu ilikaa muda gani, na kwenye joto gani, kabla ya kuzungushwa. Bila hiyo, mtafiti wa mbali hawezi kujua anachonunua.

Nikachukua kaunta buku la Babu. Mstari wa kwanza: damu imetolewa 4.20, imezungushwa 11.05. Rahisi, toa, andika. Nikajaza mistari thelathini kabla binti tunayekaa naye ofisi moja, mgeni kazini, hajaniuliza: "Hiyo nne na ishirini ni ya Kiswahili au ya mashine?"

Nikaweka kalamu chini.

Muuguzi wa zahanati anaandika anavyosema. Kwake 4.20 ni saa nne na dakika ishirini asubuhi. Maabara, hata hivyo, palikuwa na mashine yenye saa yake, na baadhi ya siku Babu alinakili saa ya mashine, ambapo 11.05 ni saa tano na dakika tano asubuhi. Siku nyingine alitazama saa ya mkononi na kuandika kama mtu wa Tabora, na 11.05 ikawa jioni. Kwa usomaji mmoja damu ile ilikaa dakika 45. Kwa usomaji mwingine ilikaa saa sita na dakika 45. Hizo ni damu mbili tofauti. Ya kwanza unaweza kuifanyia karibu chochote. Ya pili inafaa kutafutia kingamwili, ambazo ni ngumu kuharibika, lakini ukiitafutia vitu laini itakudanganya.

Tulikaa na jambo hilo wiki nzima. Aliyetuokoa ni dereva. Si yeye mwenyewe, alishahamia Igunga. Ni kitabu chake cha safari za gari. Alikuwa askari mstaafu na aliandika kila kitu kwa saa 24: kuondoka 0510, kurudi 1640, kilomita kadhaa, mafuta lita kadhaa. Tukaviweka vitabu viwili ubavu kwa ubavu. Gari limerudi 1640, damu imezungushwa 11.05, basi ni jioni, na damu ilikaa karibu saa saba kwenye boksi lenye barafu. Tukafanya hivyo mstari kwa mstari. Pale ambapo kitabu cha gari hakikuwepo tuliandika "muda haujulikani", na hilo nalo lilizua ubishi, kwa sababu kuna waliotaka tukadirie. Nilikataa. Mtu akijua kwamba hujui, anaweza kuamua. Ukimkadiria, umemwamulia.

Majina ya mahali yalikuwa kazi ndogo, ingawa ilichekesha zaidi. Ulyankulu imeandikwa kwa namna tano. Wenyeji wanaiweka l, ndugu zetu waliotoka Burundi 1972 wakakaa pale wanaiweka r, na muuguzi anaandika anachosikia. Madaftari ya zamani yanasema Urambo kwa vijiji ambavyo leo viko wilaya ya Kaliua. Tukakubaliana kuandika jina la siku ile na jina la leo, safu mbili, basi. Magonjwa tukayapa misimbo ya Shirika la Afya Duniani, toleo la kumi: malale yetu ni B56.1, ya Afrika Magharibi na Kati ni B56.0. "Homa" peke yake tuliiacha kama ilivyo. Homa ni homa.

Bosi wetu wa wakati huo (ameshahama, na simlaumu sana) alisikiliza maelezo yangu yote ya dalali, kisha akasema: "Ukiwaonyesha kilichomo, watakuja kukichukua." Hakuwa mjinga. Ameona sampuli zikiondoka na watu waliokuja na tabasamu na boksi la barafu kavu, na jina la Tabora likatokea kwenye shukrani za ukurasa wa mwisho. Mimi mwenyewe nimewahi kukuta kwenye orodha ya maabara ya nje sampuli zilizotoka kwetu, zimeelezwa vizuri, aina, mwaka, kijiji, wakati kwetu hazikuwa zimeandikwa popote. Nilikaa nikiitazama ile kompyuta kama mtu aliyekuta picha ya mama yake kwenye ukuta wa jirani.

Lakini hapo ndipo tulipotofautiana. Yeye aliona orodha ndiyo mlango wa mwizi. Mimi naona kitu kisichoandikwa ndicho kinachoibika kirahisi, maana hakuna wa kusema kimepungua. Leo kupeleka sampuli nje ya nchi kunataka makubaliano ya kuihamisha, na njia yake inapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Utaandikaje makubaliano ya kitu ambacho hukuwa unajua unacho?

Na kuna woga mwingine wa zamani kuliko wa bosi. Bibi yangu alituambia tusipite njia ya reli jioni kwa sababu ya mumiani. Watu wa umri wangu waliokulia Kigoma, Tabora, hadi pwani, wote wana mumiani wao: mtu wa gari, anachukua damu, haijulikani anaipeleka wapi. Tunacheka sasa. Lakini hebu tafakari yule mzee na kikadi chake: walikuja watu kwa gari, wakachukua damu, haikujulikana wameipeleka wapi. Tofauti yetu na mumiani, kwa mtu aliyekaa kambi ya asali akitusubiri, ni ndogo kuliko tunavyopenda. Inatoshana na daftari.

Si kila kitu kinawekwa wazi, bila shaka. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina meno, na hata isingekuwepo, akili ya kijiji inatosha. Ukiandika "malale, mwanamke, zaidi ya miaka 70, kijiji fulani: 1", umeshamtaja. Kijiji kizima kinajua nani alilala mwaka ule. Kwa hiyo katalogi yetu inaishia ngazi ya wilaya, umri uko katika makundi ya miaka kumi kumi, na idadi ndogo inaandikwa "chini ya 10". Fomu za ridhaa nazo tulizisoma moja moja. Nyingine zilisema damu itatumika "kwa utafiti huu tu". Hizo zimeorodheshwa, na pembeni yake kuna alama nyekundu: haziguswi bila kamati ya maadili kuketi upya.

Watu hunidadisi kama sampuli za zamani hivyo zina maana kweli. Nawapa mifano miwili.

Maabara za dunia zinazochunguza malale zina vimelea vyake vya kufugia, vilivyogandishwa kwenye naitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, kila kimoja na namba yake. Kuna kimoja, TREU 927, kilitolewa kwenye ndorobo aliyekamatwa Kiboko, Kenya, mwaka 1970. Ukoo wake unajulikana, na ndicho kilichosomwa jenomu nzima, yaani maandishi yote ya vinasaba vyake, ikachapishwa 2005. Kuna kingine, namba 427, kimefugwa kwenye maabara chungu nzima, makala za kitaalamu zilizokitegemea hazihesabiki, na asili yake imebidi ichunguzwe kama kesi ya mirathi, maana kumbukumbu za safari yake kutoka maabara hadi maabara hazilingani. Hapa kwetu mgeni akifika huulizwa kwanza: wewe wa kwa nani? Namba 427 inaanza kukohoa.

Mfano wa pili uko mwisho wa reli yetu. Ukishuka Kigoma ukapanda boti kuelekea kaskazini unafika Gombe, ambako Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe Julai 1960. Watu humkumbuka yeye, na ni haki yake. Mimi nawakumbuka zaidi wasaidizi wa utafiti, watu wa vijiji vya mwambao, ambao kwa miongo kadhaa wamepanda vilima vile alfajiri na karatasi na kalamu, wakaandika kwa Kiswahili nani kala nini, nani kapigana na nani, nani kazaa. Sampuli za vinyesi vya sokwe hao zilipopimwa, zikaonyesha kirusi cha SIV, binamu wa VVU. Kirusi peke yake kisingesema mengi. Mwaka 2009 ikachapishwa kwamba sokwe wenye kirusi hicho walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri wao, jambo lililopindua imani kwamba kirusi hicho hakiwadhuru sokwe. Iliwezekana kwa kuwa kila kinyesi kilikuwa na jina, na kila jina lilikuwa na mama, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa, kwenye karatasi za Kiswahili.

Kwa hiyo ndiyo, zina maana. Malale ya rhodesiense hadi leo haina kipimo cha haraka cha kuchoma kidole kama malaria. Bado ni hadubini na macho ya mtu. Anayetaka kutengeneza kipimo hicho anahitaji damu ya watu waliougua kweli, na ya majirani zao ambao hawakuugua. Zote tunazo, rafu ya tatu.

Katalogi yetu haipendezi kuitazama. Ni jedwali, lina fomu ya maombi chini yake, na barua pepe ya ofisi badala ya ya mtu. Nimeona katalogi nzuri zaidi zikifa: mradi unaisha, aliyekuwa analipia seva anaacha, ukibofya unakutana na ukurasa mweupe. Ndiyo maana kila robo mwaka tunaichapa kwenye karatasi na kuifungia kabatini, nakala moja kwetu, nyingine jengo la pili. Vijana wananicheka kwa hilo. Tumefika kama nusu ya mafriza. Maombi yaliyokuja hadi sasa ni matatu. Mawili tumekubali, moja tumelikataa kwa sababu ya alama nyekundu, na mwombaji alituandikia kutushukuru kwa kumjibu tu.

Kikadi cha mzee nilikifikia mwezi wa tano wa kazi. Kaunta buku la tatu, kurasa za ZMV. Namba yake ilikuwa na vichupa viwili. Kimoja kina mstari juu yake na neno "kimechukuliwa", hakuna aliyekichukua wala kilikokwenda. Cha pili nilikikuta boksi la kifuniko cha kijani, mstari wa tano, shimo la tatu, lebo imekunjamana ila inasomeka. Nikakirudisha haraka, nikatoka nje kwenye mwembe, nikampigia.

Ilibidi apande kichuguu kutafuta mtandao. Nikamweleza: kimoja kipo, baba, nimekishika leo. Cha pili kiliondoka na hatujui kilikwenda wapi. Tumeandika barua sehemu tatu. Kama damu yako imemsaidia mtu, sijui bado.

Akanyamaza kidogo. Nikasikia upepo na mtu mwingine akimwita.

"Hicho kilichobaki, umekiandika?"

"Nimekiandika, baba."

"Na wewe ukistaafu?"

Nikamwambia kuna binti tunayekaa naye ofisi moja, na yeye anajua, na kimeandikwa mahali ambapo hata wasiotujua wanaweza kukiona.

"Haya," akasema. "Basi nipe na namba ya huyo binti."

Nikamsomea polepole, tarakimu moja moja, naye akawa anazirudia kwa sauti ili mtu aliye chini ya kichuguu aandike.